Mliniomba Nitetee Jina la Shule

Vijana wangu, mlikuja kwangu mkajaza sebule mpaka mmoja wenu akakalia gunia la viazi. Mkaniambia, "Shosho, wewe ndiye historia ya hii shule. Jumamosi usimame mbele ya watu, useme ile jina ya zamani irudi." Kabla sijafungua mdomo mkapiga makofi. Watu wa Nakuru tuna huo ugonjwa wa kupiga makofi kabla ya jibu. Ndio uliotuharibia mambo tangu mwanzo, na ndiyo maana nawajibu kwa kuandika, kwa sababu mkiwa wengi mnalia kama kuku walioona nyoka na hamsikii mtu.

Mimi niliacha shule darasa la tatu. Atakayecheka herufi zangu akumbuke githeri niliyomlisha. Nyote mlikula kwa mkono wangu, hata huyo mwenye ndevu anayejiita katibu. Niliingia jikoni mle na nywele nyeusi, nikatoka na macho haya mekundu ya moshi, ambayo nikipita mjini watu hunong'ona, "Hata huyu mathe anakunywa?" Nyamazeni. Ni kuni.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Nekesa, Mbukusu mnene mwenye kicheko cha kuamsha mbwa, mume wake akiwa mfanyakazi wa kiwandani. Siku yangu ya kwanza nilitia chumvi pamoja na mahindi na maharagwe ya githeri, nikafunika, nikaketi kama mke wa chifu. Mchana watoto wakala mahindi, maharagwe wakayaweka mfukoni wakarushiana uwanjani. Mwalimu mmoja akaja kuniuliza kama leo tumepika changarawe.

Mama Nekesa akaniita pembeni. "Mama Njeri, maharagwe ni kama mume. Ukimwekea chumvi kabla hajalainika, atakaa mgumu mpaka Jumapili."

"Na nikishaiweka?"

"Basi umeolewa. Vumilia."

Alinifundisha kutandaza kuni mbichi juu ya ukuta wa jiko zikauke na joto la leo kwa kazi ya kesho. Alinifundisha kuchota na mwiko kutoka chini kwenda juu, si kuzungusha kama anayetafuta sindano. Na chakula kikiungua usikikoroge, maana utasambaza moshi sufuria nzima. Ipua, simamisha sufuria kwenye udongo uliolowa, uchote cha juu polepole, cha chini kiache hapo kilipo. Nyinyi wapishi wapya mna gesi na saa ukutani, lakini gesi nayo inaunguza.

Sasa nije kwa shule. Mnasema "tangu zamani" kama vile mlima uliikuta hapa. Haikuwepo. Watoto wetu walikuwa wanavuka barabara kuu kwenda kusoma ng'ambo, na malori yale yalikuwa yanatuletea matanga. Wazazi tukachoka kuzika. Tukapata kipande cha shamba lililokuwa likilimwa ngano, tukapiga mbao, tukatupia mabati. Haikuwa na jina. Tuliita tu Kwa Mbao. Watu wa mtaa wa Section 58 walikuwa na shule zao za mawe, walipita na kutuuliza kama tunafuga kuku.

Kiwanja kilikuwa kidogo, na choo tukakichimba pale palipobaki. Udongo wa upande wetu mnaujua, ni majivu ya volkano za kale, mwepesi kama unga. Mvua ikikaa siku nyingi ardhi inafungua mdomo. Kila mmoja wetu alikuwa amewahi kuona nyumba iliyoinama au shamba lililopasuka. Tulijua, tukachimba hivyo hivyo, kwa sababu watoto lazima waende haja mahali. Baba wa watoto walichimba, sisi tukawapelekea uji, mwenyekiti wa komiti akaja akasifu.

Soja wa shule, mlinzi wa geti, alikuwa Mmaasai mrefu, Baba Lemayian. Alivaa koti kubwa la jeshi kuukuu juu ya shuka, na rungu lake lilikuwa limeng'aa kwa kushikwa. Walikaa chumba cha mbao karibu na geti, yeye na mke wake na watoto wawili. Mkubwa alikuwa Lemayian. Wa pili alikuwa msichana wa darasa la pili, na huyo ndiye mnayemtafuta bila kujua.

Kila asubuhi alikuwa wa kwanza jikoni, kuota moto na kuniudhi. Alipenda ukoko wa sufuria kuliko chakula chenyewe.

"Mama Njeri, leo umeunguza?"

"Sijaunguza. Nenda darasani."

"Kwani utaunguza saa ngapi?"

"Toka hapa, mdomo kama kasuku!"

Alitoka akicheka, anarudi na mlango mwingine. Ndivyo alivyokuwa. Sina picha yake ya kuwapa, na hata ningekuwa nayo nisingewapa.

Mvua ilikuwa imenyesha kwa muda, ikatulia, jua likatoka zuri la kuanika nguo. Watoto walikuwa kwenye mapumziko ya asubuhi. Nilisikia kishindo kizito, si cha kuvunjika, kama mtu ameangusha gunia la mahindi mbali. Nikatoka na mwiko mkononi. Pale palipokuwa na choo kulikuwa na mabati yamelala juu ya shimo, na vumbi, baada ya mvua yote ile, vumbi. Watoto wengine walikuwa wamesimama kando wakiangalia mahali mwenzao alipoingia.

Baba wa watoto walikuja na kamba na majembe. Baba Lemayian hakungoja jembe. Kila walichotoa kilirudi, ule udongo haushikiki. Walimfikia alasiri. Sitawaambia zaidi ya hapo, na asije mtu kuniuliza.

Wakampeleka kwao, ng'ambo ya Gilgil. Wazazi wengi tulikwenda. Sasa sisi Wakikuyu na Waluhya na Waluo tukifika kwenye msiba tunalia, na tukilia tunamwita marehemu. Mama Nekesa alianza, nasi tukafuata, tukiliita jina la yule mtoto kwa sauti zote. Mzee mmoja wa kwao akatujia, akainua kiganja, akasema taratibu, "Inatosha, kina mama." Tulidhani anatuonea huruma kwa safari. Tukamshukuru, tukaendelea chini chini.

Baada ya hapo serikali ikasema shule haiwezi kusajiliwa kama Kwa Mbao. Liletwe jina. Mkutano ukaitwa chini ya mabati. Mungu wangu. Huyu anataka jina la mto wa kwao, yule la mlima wa kwao, mwingine ametoa jina la babu yake aliyefia huko Kisii na hajawahi kuona Nakuru. Watu walianza kuonyeshana vidole, na hapa kwetu vidole vikianza tunajua vinaweza kufika wapi. Mwenyekiti alikuwa anatokwa na jasho.

Mama Nekesa akasimama. Hakuwa anacheka. Akasema, "Kuna mtoto amelipia hii shule kuliko sisi wote. Ipewe jina lake."

Mama mmoja akaanza kulia, na wanaume wakainamisha vichwa, na ule ugomvi wa mito na milima ukaisha hapo hapo. Nieleweni vizuri: tulikuwa na maana nzuri. Kwetu Wakikuyu mtu akifa jina lake linarudi kwa mjukuu, anatembea tena uani. Kwa kina Mama Nekesa marehemu asipopewa mtoto wa kuitwa jina lake, anaweza kuja kwa ndoto kulidai. Sote tulijua kitu kimoja, kwamba jina likiitwa mtu hapotelei kuzimu. Hatukujua kitu kingine.

Mwenyekiti akatuma Baba Lemayian aitwe kutoka getini. Akaja na koti lake, akasimama katikati. Mwenyekiti akamwambia mbele ya umati mzima, akalitamka jina la mtoto mara kadhaa, kwa heshima, kama mchungaji. "Baba Lemayian, unasemaje?"

Yule mwanamume aliangalia chini. Akageuka, akatoka nje, akapita geti, akaenda.

"Furaha imemshinda," mwenyekiti akasema.

Tukapiga makofi. Mimi na nyinyi tumetoka kwenye makofi hayo.

Fundi akaja kuandika kwenye ubao mkubwa wa getini, herufi za bluu, na chini yake maneno ya kuhimiza bidii. Geti ni pale pale karibu na chumba cha soja. Mlango wao ulitazamana na ule ubao.

Mama Lemayian alikuwa akituletea maziwa ya chai ya walimu. Zamani aliingia jikoni, tukasengenya kidogo, akanicheka namna ninavyofunga kitambaa. Tangu ubao uwekwe aliacha mtungi nje ya ua na kuondoka. Nikasema ni majonzi, majonzi hayana ratiba.

Ikawa siku ya michezo. Shule za jirani zimekuja, watoto wetu wamejipanga kando ya uwanja, wanaliimba lile jina kwa kupiga miguu, wanalikata vipande, wanalirudia, walimu wanaongoza. Mama Lemayian akaingia jikoni kwangu ghafla, ameviringisha shuka kichwani mara mbili, amebana masikio na viganja.

"Unaumwa masikio?" nikamuuliza.

"Masikio ni mazima. Hiyo ndiyo shida."

Akakaa chini kwenye kuni. Nikafunga mlango. Kelele ziliingia tu, jiko lilikuwa la mbao.

"Mama Njeri, kwenu mtoto akienda mnamwita?"

"Tunamwita ndiyo. Asipotee."

"Sisi tunamlaza. Yeye na jina lake. Mtoto wa dada yangu alikuwa na jina hilo hilo, tulimpa lingine siku ile ile tuliporudi. Hata mimi mama yake silitamki. Nikiota, silitamki." Akanionyesha nje kwa kidevu. "Sasa sikiza. Kengele ikilia wanamwita. Wakipanga mstari wanamwita. Huyo mtoto alikuwa anaitika haraka, unamjua. Mnamwita kila siku na hawezi kuitika."

Nilikuwa nimeshika mwiko, nikauweka chini.

"Mbona Baba Lemayian hakusema?"

"Aseme nini? Ili aseme msilitaje, lazima kwanza alitaje yeye. Aliondoka. Kwetu mtu akiondoka hivyo, amekataa. Kwenu mkapiga makofi."

Si Wamaasai wote siku hizi wanashika hivyo. Nimewasikia wengine wakitaja wafu wao kanisani bila wasiwasi. Lakini yeye alishika, na mtoto alikuwa wake.

Nikaenda kwa komiti. Nilivua aproni kwanza, ili nisionekane nimetoka tu jikoni. Haikusaidia.

"Mama Njeri," mwenyekiti akasema, "jina limeshapelekwa ofisini. Limepigwa mhuri. Tulimpa mtoto heshima ambayo hata wazee hawapati."

"Mama yake hataki."

"Baba yake alikubali."

"Hakukubali. Aliondoka."

"Kwa hivyo kila anayeondoka mkutanoni amekataa? Basi hata chai tumeikataa, maana wote tunaondokanga." Wakacheka. Mwingine akatupia, "Kama hiyo haitoshi tuiite nini? Githeri Primary?" Wakacheka zaidi.

Mama Nekesa hakucheka. Alikuwa ameketi nyuma, mikono juu ya mapaja, uso umekuwa wa kijivu. Akasema, "Ni mimi nililileta. Nalitoa." Mwenyekiti akamwambia jina si sufuria, haliipuliwi na aliyeliweka. Kwa hilo tu yule mtu alisema ukweli.

Mama Nekesa alikwenda mpaka chumba cha geti, akapiga magoti mlangoni, mwanamke mnene vile, akiwa na goti baya. Sijui walisema nini. Alirudi jikoni akapanga kuni, akazipanga tena zilizokuwa zimepangwa. Kwa muda mrefu hakunifundisha kitu wala kunitania, na aliporudi Webuye kwa uzee, hakutaka picha na ule ubao kama wapishi wengine walivyopiga.

Familia ya Lemayian iliondoka mwishoni mwa ule muhula. Soja mwingine akaja. Shimo lilijazwa mawe na takataka za ujenzi, na juu yake mkawekewa uwanja wa netiboli. Wasichana wengi mlioko kwenye kundi lenu mmecheza hapo.

Shule ikakua. Mbao zikaisha, mawe yakaja, stima ikaja. Na lile jina likatoka getini likaanza kutembea. Steji ikaitwa hivyo. Makanga akawa analipigia kelele mjini kwa watu wa Njoro wasiojua chochote. Likawa duka la dawa, likawa kinyozi, likawa timu ya mpira iliyofungwa vibaya. Mimi nilipika miaka yote hiyo, na mtu akiniuliza ninafanya kazi wapi nilisema pale chini, shuleni. Watu walidhani sijui kulitamka.

Kisha mheshimiwa akajenga ile ghorofa, akakata utepe, akapaka ubao rangi, akaandika jina la mama yake. Mama yake hajui hata njia ya kufika hapa. Mmekasirika, na mna haki ya kukasirika. Shule si ya mtu kubandika ukoo wake kama stika. Mkimpinga kwa hilo niko nyuma yenu, hata na hii miguu.

Lakini kiongozi wenu ni mjukuu wangu Wambui, na yeye anataka zaidi ya hapo. Mnajua ninavyojivuna naye. Mtoto wa Njeri, nilimlea kwa mwiko huu, leo ana digrii na simu yake inalia kuliko ya chifu. Nilipomweleza haya yote jikoni kwangu alinijibu kama wakili.

"Shosho, tukiacha jina lipotee, watu watasahau kwamba mtoto alikufa kwa sababu ya choo kibovu. Ndiyo vile wakubwa wanataka. Tusahau."

"Wewe ulijua ni mtoto?"

Akageuzageuza simu mkononi.

"Umesoma pale miaka yote, umevaa hilo jina kifuani. Ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ni jina la kilima," akasema.

Angalau alisema ukweli. Halafu akasema jambo la maana, kwamba basi mwenye kuamua ni mama mwenyewe, twende tukamuulize. Kwa simu zake akampata Lemayian, ambaye ana duka la vyuma pale Gilgil karibu na barabara. Akatuambia mzee amekwishaenda, lakini mama yupo, anaishi naye nyuma ya mji, tuje.

Tulikwenda wiki iliyopita. Mama Lemayian amekuwa mdogo, kama nguo iliyofuliwa sana. Alinijua kwa sauti, macho hayaoni mbali.

"Mama Njeri! Bado unafunga kitambaa kama mgonjwa wa meno?"

"Na wewe bado una mdomo."

Alinishika mikono akaninusa viganja, akasema moshi umetoka. Tuliketi nje kwenye viti vya plastiki, akatuletea chai ya maziwa mengi. Tuliongea mambo ya ng'ombe, ukame, magoti. Sikuingiza habari. Nilikuwa nimemwambia Wambui njiani: utauliza wewe, kwa maneno yako, lakini jina hutalitaja. Akaniapia.

Jua la mchana likachoma. Wambui akavua sweta.

Ndani alikuwa amevaa fulana ya kundi lenu. Ile nyeupe mliyochapisha, yenye lile jina kubwa jekundu kifuani. Hakufikiria. Alikuwa amelinda mdomo wake njia nzima, akasahau kifua.

Mimi niliona nikiwa na kikombe mdomoni. Lemayian aliona. Yeye amesoma. Alisoma hapo hapo Kwa Mbao, mpaka muhula ule walioondoka.

Mama Lemayian hakwenda shule hata siku moja. Aliinamisha kichwa mbele kwa sababu ya macho yake, akanyoosha mkono, akaipapasa fulana pale pale penye herufi, kwa kidole, polepole, kama anayepapasa ushanga. Akatabasamu.

"Nguo nzuri," akasema. "Rangi yetu hii. Imeandikwa nini?"

Wambui wangu mwenye digrii akaangalia kifua chake kama cha mtu mwingine. Nilitaka kusema uongo, sikupata uongo wa karibu.

Lemayian alikuwa ameshasimama. Akavua koti lake la dukani, lenye vumbi la chuma, akamvika Wambui mabegani, akalifunga kifungo cha shingo, cha pili, cha tatu, mpaka chini, kama anavyovikwa mtoto.

"Ni tangazo tu, mama," akasema. "La sabuni."

"Na mbona unamfunika na jua lote hili?"

"Anasikia baridi."

"Basi mwongezee chai," mama akasema.

Wambui aliketi na lile koti zito mpaka tukaondoka, jasho likimtiririka mpaka kidevuni, akinywa chai ya moto kikombe baada ya kikombe kwa sababu mama wa watu alikuwa anamwonea huruma kwa baridi. Lile swali tulilokwenda kuuliza hakuliuliza. Lemayian alitusindikiza mpaka barabarani na hakudai koti lake.

Kwa hivyo Jumamosi sitasimama. Fulana ya Wambui ameiweka mwenyewe, sijui wapi, sijamuuliza. Zenu bado mnazo.